Nissan Leaf ya 2018 nchini Norway: bado inafaa kununua iliyotumika?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo tunaikagua Nissan Leaf ya 2018, gari la umeme lenye betri ya kilowati-saa 40, na niko hapa hapa Oslo. Mwaka ule ndilo gari jipya lililouzwa kuliko yote Norway. Liliyapita hata ya petroli na dizeli.

Mnaniuliza sana kwa nini Norway imejaa magari ya umeme hivi. Jibu ni kodi. Gari la petroli lilitozwa ushuru mzito wa usajili, na juu yake VAT ya asilimia 25. La umeme lilisamehewa ushuru ule tangu 1990, na VAT tangu 2001. Basi mtu akiingia dukani anakuta bei zinakaribiana, na hapo hajapiga hesabu ya mafuta. Serikali ziliingia na kutoka, msamaha ukabaki kwa miaka mingi, hadi 2023 ulipoanza kupunguzwa. Kufikia 2024, karibu magari mapya 9 kati ya kila 10 yalikuwa ya umeme mtupu. Naiheshimu sana nchi iliyoshikilia jambo moja muda wote huo.

Haya, gari lenyewe. Sogeeni hapa mbele. Mfuniko huu wa puani ndipo pa kuchajia. Ndani kuna matundu mawili: dogo ni la chaji ya nyumbani, kubwa ni CHAdeMO, la chaji ya haraka. Asubuhi za Januari barafu huuganda mfuniko huu ukagoma kufunguka. Usiulazimishe, ni plastiki, upanguse taratibu.

Tatizo kubwa ni hilo tundu kubwa. Ulaya imeshahamia CCS, aina nyingine ya tundu la chaji ya haraka, na vituo vingi vipya vinajengwa kwa ajili hiyo. Halafu betri hii haipozwi kwa maji. Ukichaji haraka, ukakimbiza kwenye barabara kuu, ukachaji haraka tena, betri inapata moto na chaji inaanza kusuasua. Oslo hadi Trondheim, kama kilomita 500? Kwa gari hili, hapana.

Kiwandani wanasema kilomita 270 kwa chaji moja. Mjini wakati wa kiangazi unazipata. Baridi ikishuka chini ya sifuri na hita inafanya kazi, panga safari zako kwa kilomita 170. Kuna njia ya kupunguza makali: gari likiwa bado limechomekwa, lipashe joto kabla hujatoka, litumie umeme wa nyumbani badala ya kula betri.

Kuendesha ni raha tupu. Kwa e-Pedal, ukiachia mguu tu gari linapunguza mwendo mpaka kusimama, kwenye foleni huchoki. Buti ni lita 435, pramu ya mtoto na vitu vya sokoni vinaingia pamoja.

Una pa kuchaji nyumbani na mizunguko yako ni ya mjini? Linunue. Unakaa ghorofani na unategemea vituo vya barabarani? Tafuta lenye CCS.

Kabla ya kulipa, liwashe, tazama kwenye dashibodi pembeni ya kipimo cha chaji: kuna vijimstari 12 vya afya ya betri. Udhamini wa betri ni miaka 8 au kilomita 160,000, kwa hiyo kwa magari haya unakwisha 2026, na muuzaji analijua hilo. Vikiwa vimebaki 9, msimpe hela yenu.