Mafunzo rasmi ya Django: nyota nne, na ile ya tano ilikopotelea

Anayetaka kujifunza kazi za upande wa seva kwa Python huishia mara nyingi kwenye mafunzo haya ya bure yaliyomo ndani ya nyaraka za Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti. Ni sehemu nane za maandishi, hakuna video wala cheti, na unajenga programu moja ndogo ya kupigia kura iitwayo polls.

Sehemu tatu za mwanzo zinakwenda mbio. Unaanzisha mradi, unawasha seva kwenye poti 8000, unaandika modeli mbili (maelezo ya data itakayohifadhiwa), Question na Choice, na data inakaa kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, ambayo haikudai usakinishe chochote. Wanaoanza hukwama hasa kwenye violezo (faili za HTML zinazotengeneza kurasa). Faili linatakiwa kukaa polls/templates/polls/index.html, na wengi huona lile polls la pili limeandikwa kimakosa, wakalifuta, kisha wanapata kosa la TemplateDoesNotExist, yaani kiolezo hakikupatikana. Folda hiyo ina kazi: Django huchukua kiolezo cha kwanza chenye jina linalolingana, kwa hiyo programu mbili zenye index.html bila folda ya ndani, moja itaonyesha ukurasa wa mwenzake. Ukisahau kuiandikisha programu kwenye INSTALLED_APPS, orodha ya programu katika mipangilio, amri ya makemigrations polls (inayoandaa mabadiliko ya hifadhidata) itakujibu kwamba haiijui.

Sehemu ya 4 ndiyo inayostahili muda wako. Unajifunza kwa nini baada ya POST (ombi linalotuma data ya fomu) unamhamishia mtumiaji ukurasa mwingine (akirudi nyuma au akipakia upya, kura isihesabiwe mara mbili), na kwa nini fomu isiyo na csrf_token (alama ya siri inayothibitisha kwamba fomu imetoka kwenye tovuti yako) hurudishwa na kosa la 403. Kisha kuna F("votes") + 1, mstari ambao wengi huunakili bila kuuelewa. Watu wawili wakipiga kura kwa wakati mmoja, wote wanasoma 42, wote wanaandika 43, kura moja imepotea. F huiachia hifadhidata yenyewe ijumlishe. Usiupite mstari huo mpaka uweze kumweleza mtu mwingine.

Sehemu ya 5 ni ya kijanja: was_published_recently uliyoandika mwenyewe katika sehemu ya 2 ina kosa lililotegwa. Swali lenye tarehe ya kesho linahesabiwa kuwa limechapishwa karibuni. Unaandika jaribio kwanza, linafeli, ndipo unarekebisha.

Ya 6 na ya 7 ni mapambo; pitia tu, ila kumbuka kuwasha seva upya baada ya kuunda folda ya static (ya faili kama CSS na picha), la sivyo utatafuta kosa lisilokuwepo. Ya 8 inaweka debug toolbar, upau unaoonyesha kinachoendelea nyuma ya kila ukurasa, lakini haikuonyeshi raha yake. Jaribu hivi: orodhesha maswali 50 pamoja na machaguo ya kila moja, utaona maombi 51 yakienda kwenye hifadhidata. Weka prefetch_related("choice_set"), inayoleta machaguo yote kwa pamoja, yanabaki 2.

Nyota iliyokosekana ni ya yale yasiyoguswa: watumiaji kujisajili na kuingia, API (njia ya programu nyingine kuchukua data yako), na kuipeleka programu kwenye seva halisi. Jambo la kwanza la kuongeza mwenyewe ni kuhamia PostgreSQL, hifadhidata iliyo makini zaidi. SQLite haijali ukomo wa herufi 200 uliouweka kwenye question_text, yaani maandishi ya swali. Ukihifadhi herufi 300 kupitia shell (dirisha la kuandikia amri za Python) inapokea kimya kimya. PostgreSQL itakataa papo hapo.

Halafu weka DEBUG = False, yaani zima hali ya utengenezaji, kabla hujamwonyesha mtu yeyote kazi yako. Seva itagoma kuwaka mpaka ujaze ALLOWED_HOSTS, orodha ya majina ya tovuti yanayoruhusiwa, na ikiwaka mitindo yote ya CSS itakuwa imetoweka, kwa sababu runserver, seva ya majaribio ya Django, haigawi tena faili za static katika hali hiyo. Hapo utahitaji collectstatic, amri inayokusanya faili hizo mahali pamoja, na kitu kingine cha kuzigawa, kwa mfano Nginx au WhiteNoise.