Jumatano za kukaa kimya: uzoefu wangu na jumuiya ya kutafakari

Nianze na bei, maana kila niliyemwambia aliuliza hilo kwanza. Hakuna bei. Mlangoni kuna kikapu, mwenye chochote anatia, asiye nacho anapita. Pesa hizo hulipia ukumbi, majani ya chai na biskuti. Hakuna anayelipwa, hata anayeongoza, ambaye mchana ni fundi bomba.

Mimi ni dereva wa basi, mtu wa Tanga, naishi kaskazini mwa Uingereza mwaka wa kumi na moja huu. Zamu za alfajiri ziliniharibia usingizi. Nikilala ni mang'amung'amu, nikiamka nina hasira na abiria wa kwanza. Daktari akasema nijaribu kutafakari, yaani kukaa kimya na kufuata pumzi. Nilishusha programu kwenye simu, siku ya nne nikaifuta: sauti laini inakuambia upumue, halafu inakuambia ulipie. Ndipo mwenzangu wa kazini akanipeleka kwenye jumuiya yao ya Kibudha.

Si hekalu na hakuna mtawa. Ni watu kumi na wawili hivi, wenye kazi na watoto, wanaofuata mafundisho ya Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyetoka kwao mwaka 1966 kwenda kuomba vita vikomeshwe, asiweze kurudi kwa miaka 39. Mwaka 1982 alianzisha Plum Village kusini-magharibi mwa Ufaransa, na vikundi kama hiki vimechipuka kutoka huko. Alifariki Januari 2022, lakini hapa bado wanamtaja kama yuko chumba cha pili. Humwita Thay, mwalimu.

Tunakutana katika ukumbi wa Quaker, dhehebu la Kikristo, wale ambao Kenya wanaitwa Marafiki. Aliyezoea Marafiki wa Vihiga na nyimbo zao atashangaa, maana hawa wa hapa ibada yao ni kukaa kimya saa nzima.

Saa moja jioni kengele inalia. Ni bakuli la shaba lililowekwa juu ya kimto, na hawasemi wanaipiga, wanasema wanaialika. Kijiti kinagusa ukingo na kubaki pale pale, sauti inatoka fupi, imezibwa, kama mtu anayepiga hodi. Halafu ndipo inaachwa ilie mpaka iishe yenyewe, na wewe unavuta pumzi tatu. Tunakaa dakika ishirini na tano. Wazungu wanahangaika na mito, huyu kaweka miwili, yule kaomba kiti. Mimi nilikaa kama nimo kwenye tahiyatu, nikatulia. Fundi bomba akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia chuoni, nikiwa na miaka sita, na bakora ya maalimu ilisaidia.

Kuna sanamu dogo la Budha na wengine huliinamia. Nilimwambia fundi bomba mimi Mwislamu, siinami. Akajibu, "Basi usiiname," akaendelea kupanga mito. Thay mwenyewe aliwahimiza watu wasikate mizizi ya dini waliyolelewa nayo. Mke wangu hakuridhika upesi. "Baba Salma, leo umesilimu tena au umeritadi?" alikuwa akiniuliza kila Jumatano nikivua viatu, mpaka akachoka.

Kutembea polepole kuzunguka ukumbi sikukupenda na bado sikupendi.

Kilichonibakisha ni mazungumzo ya baada ya chai. Anayetaka kusema anaunganisha viganja, wengine nao wanaunganisha, anasema, anamaliza. Hakuna kumkatiza, kumjibu wala kumpa ushauri. Mwezi wa pili nilieleza jinsi nilivyoshuhudia maziko ya mama kwenye simu, nimeegesha basi tupu mwisho wa njia, picha ikakwama jeneza likiwa begani mwa watu. Nilipomaliza hakuna aliyesema hata pole. Kengele ikalia, tukavuta pumzi tatu, akaanza mwingine habari za goti lake.

Nilikasirika wiki nzima. Watu gani hawa? Lakini nilipokuwa nikiendesha nikakumbuka kwamba kisa kile sikuwahi kukifikisha mwisho. Nyumbani kila nikianza naambiwa, "Mshukuru Mungu, mzee alikuwa mgonjwa," nami nanyamaza kwa adabu. Jumatano iliyofuata nilirudi.

Kasoro ninayo kubwa moja. Niliugua mafua, nikakosa wiki tatu, na simu haikulia hata mara moja. Tanga siku ya pili ningekuwa nimeshaletewa uji. Niliwaambia waziwazi: mnasikiliza vizuri, ila mtu akinyamaza hamuulizi kwa nini. Fundi bomba akawa mwekundu, akasema waliogopa kunisumbua. Siku hizi kuna karatasi ya namba za simu, na mama mmoja mstaafu ndiye mwenye kazi ya kuuliza.

Usingizi? Umerudi kiasi, si wote. Ila Thay alifundisha kwamba taa nyekundu barabarani ni kengele pia, na mimi kwa zamu moja nakutana nazo zaidi ya mia. Zamani nilikuwa nazitukana kwa Kisambaa.

Ukija, vaa soksi nzito. Sakafu ya ukumbi ule ni baridi hata Julai, ambayo huku ni miezi ya joto.