Oksimeta ya kidole ya Birere, nimeitumia kwenye dharura na haya njo maoni yangu

Wandugu mnaofanya gade, yani zamu, kwenye dharura hapa Goma, mnajua ni mashini gani inapoteaka ya kwanza. Siyo tensiometa ya kupima presha, siyo temometa, ni oksimeta. Wodi nzima iko nayo moja, docta anaichukua aende kuangalia mgonjwa wa kitanda cha mwisho, anaitia kwenye mfuko wa bluzi, anaitwa blok kwenye upasuaji, anaenda nayo, na wewe umebaki na mama anayehema mabega juu mabega chini huku unahesabu pumzi kwa saa ya mkono. Nilichoka. Nikashuka soko la Birere nikajinunulia yangu. Na kama mtu anataka kujua kwa nini munganga wa hospitali anajinunulia vifaa vya kazi kwa pesa yake wakati primu, ile nyongeza ya mshahara, yenyewe inakuja siku inapojisikia, aende aulize wenye kulipa primu.

Kitu yenyewe ni kadogo, kanabana kidole kama kibanio cha nguo, kana skrini yenye namba mbili, ya juu ni saturasyo yani oksijeni ndani ya damu, ya chini ni mapigo ya moyo. Betri ni mbili zile nyembamba. Muuzaji alianzia dola 20, tukavutana, akaniachia kwa 12. Ndani kuna taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya infraredi ambayo macho hayaioni, zinapenya kidole, na ju damu yenye oksijeni inameza mwanga tofauti na damu isiyo nayo, mashini inapiga hesabu hapo hapo. Mjapani Takuo Aoyagi njo alitoa akili hiyo miaka ya 1970. Namheshimu sana yule mzee, ju bila kazi yake ungelazimika kutoboa ateri na kupeleka damu labo, na ni labo gani itakujibu saa nane ya usiku SNEL, watu wa umeme, wakiwa wamekata.

Kwa haraka haina mpinzani, unabana, sekunde chache unasoma. Skrini inawaka vizuri gizani. Lakini mimi sikutegemea kwamba kazi kubwa itanifanyia ni kwenye benchi ya mlangoni.

Kwetu tunapanga wagonjwa kwa rangi, ule mpango ulioanzia Afrika Kusini, nyekundu anaingia mara moja, chungwa asipitishe dakika 10, manjano ni ndani ya saa moja, kijani anaweza kungoja hata saa nne. Kwenye karatasi iko safi kabisa. Kwenye benchi sasa, mtu amefika tangu asubuhi na mapema, anaona mwingine ameteremka kwenye pikipiki sasa hivi anapitishwa mbele yake, wewe fikiria utamweleza nini kuhusu rangi. Anachojua ni kwamba yule amekupa kitu ama ni ndugu yako. Matusi ya gade ya usiku mengi yanatoka hapo, hata kuliko kwenye bili. Kuna baba mmoja kijana wake alivunjika mkono, tulitaka kupitisha mzee wa pumu, akasimama katikati ya mlango akafunga njia.

"Munganga, mutoto yangu njo alitangulia kufika! Huyu mzee ametokea wapi?"

Sikubishana. Nikabana oksimeta kwa kidole cha kijana, 97. Nikaibana kwa kidole cha mzee, tukangoja namba itulie, 83. "Papa, angalia mwenyewe. Mutoto yako mukono inamuuma sana, dawa ya maumivu inakuja, lakini pumuzi iko. Huyu mzee pumuzi inaisha." Akaangalia, akaangalia tena, halafu akashika kitanda upande wa miguu akatusaidia kusukuma. Kwa hiyo jioni moja tu mimi nilishaona dola zangu 12 zimerudi.

Shida ni kwamba benchi yote ilikuwa inatazama. Toka hapo kila mtu anataka kidole chake kibanwe, hata aliyekuja kubadilisha bandeji, na wanaulizana kama watoto waliopewa ripoti ya shule, wako amepata ngapi, wangu amepata 98, basi wetu ni mzima twende tukanywe chai. Hiyo njo kasoro kubwa ya hii mashini na haimo kwenye karatasi ya maelezo. Tulipokea motari, dereva wa pikipiki, aliyepata aksida, tumbo liligonga usukani, amepauka, jasho baridi, ndugu zake wanacheka na simu ju wameona 98. Namba ya chini ilikuwa 132! Yule alikuwa anavuja damu tumboni. Oksimeta inakuambia damu iliyopo imebeba oksijeni kiasi gani, haikuambii damu imebaki kiasi gani, na mtu anaweza kuwa na 98 akaenda nayo kaburini. Sasa mimi nikibana kidole nasoma kwanza namba ya chini, na nikiona ndugu wako karibu nafunika ya juu kwa kidole gumba mpaka niwe nimemwangalia mgonjwa uso, ulimi na macho.

Kwa mikono ya baridi inahangaika. Mgonjwa wa shoki, damu haifiki kwenye vidole, skrini inaleta vistari tu ama namba zinazorukaruka, na hapo usipoteze dakika kuhamisha kidole hiki na kile, hivyo vistari vyenyewe ni habari mbaya tayari, weka serumu ya mshipani. Rangi ya kucha nyeusi ama hina nzito inaivuruga pia, bana kidole kwa upande. Mgonjwa anayetetemeka ndiyo kabisa usiiamini.

Jambo ambalo shuleni sikufundishwa ni hili la ngozi. Mwaka 2020 utafiti wa hospitali za Marekani ulionyesha oksimeta zinakosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Namba inapanda kuliko ukweli. Na hapa Goma nani kati yetu ni mweupe? Mgonjwa akinipa 92 mimi namhesabu kama yuko chini ya hapo, naangalia kama mbavu zinaingia ndani, kama anaweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi. Upande mwingine msisahau tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, mtu mzima mwenye afya akipata 95 usianze kumkimbizia oksijeni, hasa kama konsentreta, ile mashini ya kutoa oksijeni, ni moja na wanaoihitaji ni watatu. Kwenye kugawa hiyo konsentreta mashini imenisaidia sana, unajua nani anaweza kuachia mpira wa puani kwa nusu saa na nani hapana.

Halafu moshi. Msimu wa baridi watu wanaingiza mbabula, jiko la makaa, ndani ya chumba, wanafunga dirisha, asubuhi wanaletwa familia nzima vichwa vinapasuka, wanatapika, mmoja haamki. Unabana kidole unasoma 99. Uongo mtupu! Monoksaidi ya kaboni, ile hewa ya sumu ya makaa, inashika damu na oksimeta inaiona kama oksijeni, haina uwezo wa kutofautisha. Hao unawapa oksijeni bila kuuliza namba. Ya mazuku ni tofauti, ile hewa nzito ya volkano inayolala kwenye mashimo upande wa Sake na hapa mjini inafukuza oksijeni, kwa hiyo aliyetolewa huko akiwa bado anapumua namba yake itashuka kweli. Wenyeji wanajua kukimbia mazuku, wanaokimbia mbabula ni wachache.

Watoto wachanga sahau. Kibanio ni cha kidole cha mtu mzima, kwa mtoto taa zinapita pembeni na inakupa namba ya kujitungia, nimejaribu kwenye mguu, wapi. Wale wanahitaji ile yenye waya ya kufunga kwenye mguu, na bei yake siyo ya mfuko wa munganga.

Kusafisha: tangu mambo ya mpox ya 2024 wengine wanachovya kila kitu kwenye klori. Msifanye hivyo, mpira wa ndani unakauka na kupasuka, wa mwenzangu umeharibika namna hiyo. Pamba yenye alkoli, futa ndani na nje, mgonjwa kwa mgonjwa. Yangu imeanguka kwenye sakafu ya simenti, imepata ufa kwenye kona lakini inaendelea, springi ndiyo imeanza kulegea. Na ifungeni kamba shingoni, ju kuazimana kwenye dharura kunafanana na kutoa sadaka. Docta akiniomba namwambia docta twende wote, naibana mimi, anasoma yeye.

Ukienda kununua usikubali ikiwa imefungwa kwenye boksi. Mwambie aweke betri, bana kidole chako, gusa mshipa wa mkono uhesabu mapigo dakika nzima ulinganishe na namba ya chini, zikitofautiana sana rudisha. Kisha bana kalamu, ndiyo kalamu, kuna za bandia zinazokupa 96 hata kwenye kalamu. Betri za kwenye boksi zilikufa haraka, chukua zingine dukani. Kwa 12 ninunue tena? Ndiyo. Kwa 20 hapana.