Mlango wa mbao wa nje: upake nini kama unaishi pwani?

Mlango ukichakaa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, lawama zote huenda kwa mvua. Lakini anayeanza kazi ni jua. Miale yake huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Mvua huja baadaye kuosha kilichokwisha kulegea, na mbao hugeuka kijivu. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa namna kila chaguo linavyozuia jua. Mng'ao wa dukani sikuuhesabu.

1. Mafuta ya mbao yenye rangi

Kama mlango ni wa mninga, mvule au mtiki, nunua haya. Hupenya ndani ya mbao badala ya kutanda juu, kwa hiyo hayana ngozi ya kubanduka: hufifia tu. Yakififia unasafisha, unapitisha msasa mwepesi na kupaka tena, bila kukwangua chochote. Wenye majahazi wanalijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana mbao za chombo hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa.

Sharti ni kwamba yawe na rangi, hata hudhurungi nyepesi, kwa sababu chembe za rangi ndizo zinazokinga jua. Mafuta yasiyo na rangi, yanayoonyesha mti kama ulivyo, hukinga kidogo sana. Linsidi mbichi, yaani mafuta ya mbegu za kitani, peke yake nayo iache. Hukauka polepole mno, na kwa unyevu wa pwani huota ukungu mweusi. Msasa usiwe laini kupita namba 150, la sivyo uso hufunga na mafuta hayaingii.

2. Rangi ya mafuta juu ya praima (rangi ya msingi)

Kwa ulinzi mtupu hii ndiyo yenye nguvu zaidi, na kwa mlango wa paini au saipresi ningeiweka ya kwanza bila kusita. Mwanga haufiki kwenye mbao kabisa. Nimeishusha kwa sababu moja tu, kwamba kuufunika mninga kwa rangi ni kuipoteza fedha uliyoulipia. Kama mlango unatazama magharibi, chagua rangi isiyokoza. Rangi nyeusi hunyonya joto, na utomvu wa paini hutoka kwenye vifundo ukiipasua rangi.

3. Vanishi ya nje, ile ya boti

Ina kinga ya jua ndani yake na hunyumbuka mbao zinapovimba na kusinyaa. Inapendeza sana. Lakini inataka mikono (tabaka) minne au zaidi, na inataka kurudiwa kabla haijaanza kupasuka. Ikishabanduka, maji huingia chini yake na hayatoki, na hapo hakuna njia ila kukwangua yote. Inunue kwa mlango ulio chini ya baraza pana. Kwa mtiki, futa kwanza kwa tina, maana mafuta yake ya asili hukataa vanishi.

4. Mbao zilizotibiwa kwa joto

Hizi zinauzwa ghali na zinasifiwa kuliko zinavyostahili kwetu. Teknolojia hii iliendelezwa sana Finland katika miaka ya 1990. Mbao huwekwa kwenye mvuke wa nyuzi joto 185 hadi 215 hivi, na sehemu yake inayopenda maji huharibiwa. Unyevu inaoufyonza hushuka karibu nusu, haipindi ovyo, haiozi upesi, na huwa ya kahawia hadi ndani. Faida hizo ni za kweli. Lakini inakuwa dhaifu na rahisi kupasuka kwenye skrubu, mchwa bado wanaila, na ile kahawia nzuri hugeuka kijivu juani kama mbao nyingine yoyote. Utahitaji namba 1 juu yake hata hivyo.

Usiichanganye na mbao za paleti zenye muhuri wa HT. Zile zilipashwa nyuzi 56 katikati kwa dakika 30 ili kuua wadudu waliomo tu. Hazina kinga yoyote ya baadaye. Wala kukaushwa kwenye tanuri si tiba hii, kule ni kuondoa maji tu.

5. Vanishi ya NC (nitroselulosi) ya samani

Ndiyo fundi wengi wanayo karakana, hukauka upesi, na kwa kabati la ndani ni sawa. Nje ikatae hata ukipewa bure.

Ukishachagua, mwambie fundi apake pia ukingo wa juu na wa chini wa mlango kabla ya kuuning'iniza. Pale mti umekatwa kuvuka nyuzi, na hapo ndipo unapokunywa maji kuliko popote, lakini ndipo panaporukwa kila siku kwa kuwa hapaonekani. Lita moja hutosha mikono miwili hivi kwa mlango wa kawaida, pande zote. Na vitambaa vyenye linsidi au mafuta ya mbao usivirundike pembeni: hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.