Seti ya difu na koiliova (shokamzoba yenye springi juu yake) za nyuma, za gari la mbio za kuchomoka kwenye njia iliyonyooka: naipa nyota 4
Aisee hii seti iko vizuri, difu ni ile ya Ford inchi 9, ekseli za meno 35, nene kuliko za kiwandani za meno 28 au 31, na beringi inabanwa na bamba huku nje kwa hiyo hata ekseli ikikatika ndani tairi halichomoki likakimbia peke yake. Ila koiliova ndo utamu wenyewe, unazungusha kola gari inapanda au inashuka, nobu moja ya kurekebisha shoka inavyobonyea nyingine inavyorudi, unachezea mpaka tairi zinashika lami ukichomoka. Braketi za kuchomelea hazikukaa, fundi akazisaga. Kwa gari ya barabarani achana na seti hii, spuli (kipande ndani ya difu kinachofunga ekseli mbili zizunguke sawasawa) inaburuza tairi kwenye kona.