Ufukwe Upi wa Unguja Uulipie: Tazama Maji Kabla ya Kulipa

Anayepanga likizo ya pwani Unguja hununua mahali pa kulala kabla ya kitu kingine, na akishalipia chumba Paje au Kendwa ndiyo amekwisha kuichagua bahari atakayoamka nayo kila siku. Wengi huchagua kwa picha, na picha hizo karibu zote hupigwa maji yakiwa yamejaa. Mara ya kwanza nilipowapeleka wazazi wangu, nilichagua nyumba ya wageni ya pwani ya mashariki kwa sababu picha yake ilionyesha maji yakigusa ngazi za baraza. Tulifika jioni na picha ilikuwa kweli. Asubuhi baba alitoka na taulo begani akakuta mchanga mtupu, mitumbwi imelala ubavu, na bahari ni mstari mweupe wa povu kule mwambani. Hakuna aliyekuwa ametudanganya kwa maneno, lakini hakuna pia aliyetuambia, nami sikujua la kuuliza.

La kuuliza ni hili: maji yakikupwa, mtu bado anaweza kuogelea mbele ya nyumba? Unguja bahari hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa hufika karibu mita 4. Siku hizo maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, hali hugeuka: asubuhi ndipo yanapojaa, na hata yakikupwa hayaendi mbali sana. Kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani tayari ana nusu ya jibu. Siku za karibu na tarehe 8 na 23 za mwezi ndizo zinazomfaa anayetaka kuoga asubuhi upande wa mashariki.

Kwa kipimo hicho, cha saa ngapi za kuogelea mtu anazipata kwa fedha anayolipa, nafasi ya kwanza naipa Kendwa. Ufukwe huu uko kaskazini ya kisiwa lakini unatazama magharibi, na sakafu ya bahari hapo hushuka upesi, hivyo maji hayaondoki; mtu huoga saa yoyote apendayo. Ardhi ya kisiwa huukinga na upepo wa kusi, ambao huvuma tangu Juni hadi Septemba na kuitibua pwani ya mashariki, na jua huzama baharini mbele ya macho yako. Kasoro zake ni tatu. Hoteli kubwa zimeshika sehemu kubwa ya mbele, kwa hiyo chakula cha bei ya kawaida si rahisi kukipata bila kuingia ndani kijijini. Pia kina hicho hicho kinachomfurahisha mwogeleaji ni hatari kwa mtoto aliyezoea kusimama majini. Tena, karibu na mwezi mpevu huwa na usiku wa sherehe zenye muziki hadi alfajiri. Mwenye wazee au watoto wachanga auepuke usiku huo.

Nafasi ya pili naipa Jambiani, na najua wengi wangeiweka Nungwi. Jambiani iko kusini mashariki, na maji yake hukupwa mbali sana, hilo sikatai. Lakini yakijaa, mwamba wa nje huyavunja mawimbi, na ndani yake hubaki ziwa pana, tulivu, lenye mchanga chini, ambamo mtu asiyejua kuogelea hutembea hadi mbali huku maji yakiwa kiunoni. Wengi wetu tunaotoka bara hatukufundishwa kuogelea, na kwetu sisi bahari ya namna hii ina thamani kuliko kina kizuri cha Kendwa. Yakikupwa, ufukwe hauwi bure. Kilimo cha mwani kilianza pwani hii mwaka 1989, na hadi leo kina mama huenda na kupwa kwa maji kwenye mashamba yao ya vijiti na kamba. Watoto wangu wamejifunza mengi hapo kuliko kwenye bwawa lolote. Ukitembea, pita kando ya kamba usizikanyage, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na ukiona kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, kiache majini, kwani kukiinua hewani kwa ajili ya picha hukidhuru. Vaa viatu vya mpira kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miba wanaokaa penye mawe. Jambiani ni kijiji kirefu chenye watu wake, kwa hiyo nyumba ndogo za wageni ni nyingi, na wali wa nazi na pweza huliwa kwa bei ya mwananchi.

Nungwi ni ya tatu. Upande wake wa magharibi una karibu sifa zote za Kendwa pamoja na uhai wa mji wa wavuvi, na mafundi wa majahazi bado wanachonga mbao ufukweni; mimi huweza kukaa nusu siku nikiwatazama. Hata hivyo, pamejengwa karibu mno na maji. Katika bamvua, baadhi ya sehemu hazibakizi mchanga wa kutandika mkeka, na mapapasi wanaouza safari za boti hawampi mgeni nafasi ya kupumua. Kabla ya kulipa, hakikisha nyumba iko upande gani, kwa kuwa mashariki ya rasi hiyo maji hukupwa kama kwingineko, na neno Nungwi katika tangazo hufunika pande zote mbili.

Matemwe inafuata, nayo humfaa anayetaka kuona samaki na matumbawe ya kisiwa cha Mnemba kilicho mbele yake. Kuanzia hapo safari ya boti ni fupi kuliko kutoka Nungwi, na mwenye kuondoka asubuhi na mapema huwatangulia wengine. Uliza kama bei uliyotajiwa ina ada ya hifadhi ndani yake, na kama boti ina jaketi za kuokolea kwa kila abiria.

Paje nimeiweka ya tano ingawa mchanga wake ni laini kama unga. Kusi na kaskazi huvuma hapo kwa nguvu na bila kukatika, na hiyo ndiyo sababu wanaoteleza majini kwa kuvutwa na tiara kubwa huipenda. Lakini kamba zao na kasi yao humnyima raha mwenye watoto majini. Kwa kijana anayetaka kujifunza mchezo huo, ningeipandisha hadi ya kwanza.

Michamvi Kae, upande wa Ghuba ya Chwaka, ni nzuri kwa jioni moja ya kutazama machweo, na Kizimkazi ni ya kwenda na kurudi kwa ajili ya pomboo na ule msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Ukienda kuwaona pomboo, mkatae nahodha anayewafukuza.

Kuhusu malipo yenyewe, mkaazi wa Tanzania aombe bei ya wakaazi kabla ya kutuma fedha, maana mara nyingi haitangazwi. Omba pia picha iliyopigwa saa nne asubuhi ya bamvua; mwenye nyumba mwaminifu huituma bila kusita, na mmoja wa Jambiani aliniongezea saa za maji kwa siku zote nne za safari yetu. Epuka masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, isipokuwa umepunguziwa bei kwa kiasi cha kuistahimili mvua. Ndani ya vijiji vaa nguo za kusitiri mabega na magoti, na mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana. Kama mnatoka mjini kwa daladala, Nungwi na Jambiani zote zina gari za moja kwa moja. Kwa Kendwa shukeni njia panda, na mwenye mizigo mizito apatane na teksi mapema, kwani kutoka barabarani hadi mchangani ni mwendo.