Ealoki gani ununue kabla hujapoza bia yako ya nyumbani

Wadau wa bia ya nyumbani hapa Mwanza, kabla hujatoa hela ya ealoki, kile kidude cha maji kinachokaa juu ya mfuniko kutoa gesi, fikiria kwanza siku ya kupoza, maana wakati wa kuchachusha zote zinafanya kazi vizuri tu, tofauti inakuja ndoo ikishaingia kwenye friji. Bia ikitoka nyuzi 25 kwenda 4 gesi iliyo juu yake inasinyaa, halafu bia yenyewe inakula gesi zaidi, kwenye nyuzi 4 inabeba karibu mara mbili ya ilivyobeba kwenye 25, kwahiyo ndoo inaanza kuvuta ndani badala ya kutoa nje. Itavuta maji ya ealoki au hewa, na hewa kwenye bia iliyokwisha kuchachuka inaleta ile ladha ya boksi lililolowa.

Na umeme wetu mnaujua. Ukikatika usiku bia inapata joto inatoa gesi, ukirudi alfajiri inavuta tena upya. Mimi nimepanga kwa kigezo hicho.

Kegi ya presha ndo bora kuliko vyote ila bei yake wengi hatuiwezi, tuiache. Namba moja kwangu ni puto la foili, yale ya besdei ya maduka ya mapambo, pamoja na mpira mpya wa dripu kutoka famasi. Unaukata mpira ubaki na lile gurudumu dogo la kufungia, unauingiza kwenye shingo ya puto mpaka upite ile vali yake ya ndani, usipopita gesi haitarudi, halafu unazungushia selotepu. Povu likishashuka na gesi inatoka polepole unachomeka kwenye mfuniko, ukae karibu, likifika robo tatu unafunga gurudumu na kurudisha ealoki mpaka bia imalize kabisa. Siku ya kupoza unalirudisha na kufungua gurudumu. Puto linanywea taratibu, ndoo inavuta gesi yake yenyewe, umeme ukikatika linavimba kidogo, ukirudi linanywea, na hewa haijaingia. Puto la mpira la kawaida usinunue kwa kazi hii, gesi inapenya na siku chache tu limenywea lenyewe.

Namba mbili ealoki ya umbo la S. Hewa kidogo inaingia kwa viputo lakini maji yanabaki mahali pake, shida nyingine ni kuisafisha. Tatu ile ya vipande vitatu, kusafisha raha sana ila ikivutwa maji yanaingia kwenye bia, kama ndo unayo tayari weka Konyagi badala ya maji, ikiingia kidogo haileti vijidudu.

Ya mwisho ni mrija uliozamishwa kwenye chupa ya maji. Siku za povu jingi ni mzuri sana, lakini usipoze nao! Mimi niliuacha usiku mmoja, asubuhi nafungua friji chupa iliyokuwa na nusu lita imebaki tupu kabisa, matone mawili chini, maji yote yako kwenye lita 18 za bia niliyoihangaikia wiki mbili. Iliniuma sana.

Kwenye chombo chenyewe chukua ndoo nyeupe nene ya lita 20 iliyotoka na chakula, mfuniko wenye raba, isiwe iliyobeba rangi ya kupaka hata ukiambiwa imeoshwa. Dumu la maji ya kunywa la lita 20 ni jembamba, ukiliziba ukalipoza linabonyea ndani. Dumu la njano la mafuta hapana kabisa, mafuta hayatoki yote na yanaua povu la bia.

Kama huna friji kubwa, barafu ya kule soko la samaki la Mwaloni Kirumba inasaidia, weka ndoo kwenye beseni na barafu izunguke pembeni, mfuniko na mpira wa puto vibaki juu kwasababu barafu hiyo imekaa na samaki. Inapoza haraka na kuvuta kunakuwa kwa haraka vilevile, kwahiyo fungua gurudumu la puto kabla hujamwaga barafu.